Kamba ya Mkumbara na rekodi nyingine za metali Usambara

Ukitaja Usambara, mtu hufikiria kabichi, pea, chai na baridi ya Lushoto. Chuma hakimjii akilini. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita milima hii ilishika rekodi ya dunia kwa kazi ya chuma, na kwangu mimi ndiyo rekodi ya kutajwa kwanza kabla ya nyingine yoyote ya metali katika kaskazini-mashariki ya nchi yetu.

Ni rekodi ya mteremko. Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikivuna mwangati katika msitu wa Shume, mahali ambapo Wajerumani walipaita Neu-Hornow. Mbao za mwangati zilitakiwa Ulaya kwa kutengenezea penseli. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kuambaa chini ya milima kuelekea Moshi, kwa hiyo aliyesimama ukingoni mwa Shume aliiona reli kwa macho yake, ila hakuwa na njia ya kuishushia gogo. Shume iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari; Mkumbara, pale bondeni, haifiki 500. Kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig ikapewa kazi ya kutandika kamba za chuma kutoka juu hadi chini, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mbao za Shume zilikuwa zikiteremka hewani. Bleichert ndio waliokuwa wakiongoza duniani kwa kazi hiyo. Njia yao ya Chilecito kule Argentina ilikuwa ndefu kuliko zote na ilipanda juu kuliko zote. Ya Usambara ilihesabiwa kuwa kali kuliko zote kwa mteremko.

Kilichobeba mzigo huo ni nyaya nyembamba. Nondo ya kawaida ya ujenzi hustahimili takriban kilo 40 kwa kila milimita mraba kabla haijasalimu amri. Chuma cha pua kikivutwa kikiwa baridi kupitia tundu dogo, kisha dogo zaidi, chembe zake hujipanga kwa urefu na kugoma kuteleza. Waya unaotoka hapo huweza kubeba kilo 150 na zaidi kwa eneo lilelile. Nyaya nyingi za namna hiyo zikisokotwa pamoja, mmoja ukikatika mingine hubaki imeshika. Aliyefikiria jambo hili mwaka 1834 alikuwa ofisa wa migodi huko milima ya Harz, Ujerumani, jina lake Wilhelm Albert. Alichoshwa na minyororo, maana mnyororo ukiwa na pete moja mbovu umekwisha wote. Katika mfumo wa Bleichert kamba zilikuwa za aina mbili: moja ilikaa palepale na kubeba uzito, nyingine ilizunguka na kuvuta.

Jambo linalonivutia katika chuma ni kwamba ukizipanga metali zote kwa sifa moja moja, mara nyingi hakishiki namba moja. Kwa kuvumilia moto, tangsteni ndiyo inayoongoza, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za sentigredi. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Kwa kupitisha umeme, fedha imeishinda hata shaba. Kwa wepesi ni lithi, ambayo huelea juu ya maji. Kwa uzito ni osmi. Pamoja na hayo yote, zaidi ya tani tisa katika kila kumi za metali zinazozalishwa duniani ni chuma, karibu tani bilioni 1.9 kwa mwaka. Sababu moja ni wingi wake ardhini. Ya pili ni utii wake kwa kaboni: ukiongeza kaboni chini ya asilimia moja, kilekile kilichokuwa laini kinakuwa kisu.

Utii huo hauhitaji maabara. Mhunzi anayetengeneza panga au kisu cha kuvunia hutafuta springi ya gari iliyovunjika, kwa sababu ina kaboni ya kutosha, kama asilimia 0.6. Anaipasha mpaka iwake nyekundu, anaigonga ikae umbo, anaipasha tena na kuizamisha kwenye oili chafu. Hapo imekuwa ngumu kupita kiasi. Ikianguka kwenye jiwe itavunjika. Kwa hiyo anaisugua upande mmoja mpaka ing'ae, anairudisha kwenye moto mdogo, na anaangalia rangi ikitambaa juu yake. Njano ya majani makavu inakuja kwenye nyuzi 230 hivi, zambarau kwenye 280, buluu kwenye 300. Wembe husimamishwa kwenye njano, springi hufikishwa kwenye buluu, na panga la kukatia miti hukaa katikati. Utando huo wa rangi ni kutu changa, nyembamba kiasi kwamba mwanga wenyewe ndio unaoipima. Sijui kipimajoto kingine cha bei hiyo.

Na ujuzi huu haukuletwa na reli. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika milima ya Upare, wahunzi wa ukoo wa Washana wa Ugweno walikusanya mchanga mweusi wa vijito, ambao ni chuma cha sumaku kilichooshwa na mvua, wakauchoma kwa mkaa huku mivukuto ya ngozi ikipuliza hewa kupitia mabomba ya udongo. Tanuri lao halikufikia nyuzi 1,538, na halikuhitaji kufikia. Kaboni ya mkaa iliunyang'anya mchanga oksijeni yake, na chuma kikabaki kama donge lenye vishimo, likagongwa mpaka uchafu ukatoka. Wachaga na Wamaasai walinunua chuma cha Upare kwa ajili ya mikuki, na majembe yalihesabika katika mahari. Huko Bombo Kaburi, Upare Kusini, Robert Soper alichimba katika miaka ya 1960 na kukuta makazi ya zama za mwanzo za chuma, ya karibu karne ya 3. Wenye kuandika historia ya viwanda vya Tanzania wangeanzia hapo.

Bati la nyumba nalipita haraka, ingawa hakuna metali iliyoenea zaidi juu ya vijiji vya Bumbuli na Mlalo. Ni chuma kilichofunikwa zinki, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel aliupatia hati mwaka 1837. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe, hata pale msumari ulipotoboa. Anayenunua akumbuke tu kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32.

Kwa huduma kwa akili za watu, tuzo naipa risasi. Soni palikuwa na Vuga Press, kiwanda cha uchapaji cha Kilutheri kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Katika enzi za uchapaji wa herufi za kupangwa, kila herufi ilikuwa kipande cha aloi ya risasi, antimoni na bati halisi (si lile la nyumba). Risasi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327 na ni laini mno; kwa mchanganyiko wa asilimia 84 risasi, 12 antimoni na 4 bati, huyeyuka kwenye 240 hivi, hujaza pembe zote za kalibu, hainywei sana ikipoa, na inakuwa ngumu kiasi cha kuvumilia mashine. Kazi ikiisha inayeyushwa iwe ukurasa mwingine. Sura ya kitabu cha sala ingeweza kurudi ikiwa hesabu za darasa la tatu.

Dhahabu ilileta wachimbaji Sakale, Usambara Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, ndiyo maana hubaki kwenye karai mchanga ukisombwa na maji. Shida ni mwenzake: zebaki, metali pekee iliyo maji katika joto la kawaida, ambayo wachimbaji huitumia kuinasa dhahabu na kuichoma iwe mvuke. Vijito hivyo huingia mto Zigi, na Zigi ndio unaonywesha mji wa Tanga. Nasema wazi kwamba hapo si mahali pa zebaki hata tone moja.

Imebaki alumini, metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, karibu asilimia 8. Ipo kwenye sufuria za sokoni Lushoto, nyingi zikiwa zimesubiwa kutokana na vyuma chakavu vya injini. Ipo pia kwenye nyaya za umeme: kwa uzito uleule hupitisha umeme karibu mara mbili ya shaba, na kiini cha chuma cha pua huwekwa katikati kuzuia zisilegee. Na ipo ardhini, ndani ya boksiti ya Magamba na Amani, udongo uliooshwa na mvua za miaka isiyohesabika mpaka ukabaki huo mwekundu. Ila kuitoa humo ni kazi ya umeme, kama uniti 14,000 kwa tani moja. Pangani Mpya, mtambo wa megawati 68 uliozinduliwa 1995 chini ya milima hiihii, ungefanya kazi mwaka mzima bila kupumzika na bila kumpa mtu mwingine umeme, ungetoa tani 42,000 hivi, wakati dunia inazalisha kama milioni 70. Kwa hiyo boksiti ya Lushoto ikichimbwa leo itashuka kupitia Soni kama udongo, kwa bei ya udongo, na juu yake pana msitu wa Magamba unaolisha vijito vya mashamba ya mboga. Kabla ya leseni nyingine kusainiwa, bei ya udongo na bei ya msitu ziwekwe mezani pamoja.