Kabla hujauza vitabu vyako kwa kilo

Nyumba nyingi zina kona hiyo: boksi chini ya kitanda, au kabati lililopinda kwa uzito, limejaa vitabu ambavyo hakuna aliyevifungua tangu mtoto amalize kidato cha nne. Vumbi, mende, na msimu wa mvua mchwa nao hujikaribisha. Ndiyo maana wazo la kuhamia kwenye vitabu vya kielektroniki na kuondoa makaratasi yote linavutia wengi. Hapa tunaeleza unachopata, unachopoteza na pa kuanzia.

Tuanze na faida. Kitabu kisicho na picha nyingi huchukua megabaiti chache tu, hivyo gigabaiti 1 inabeba mamia ya vitabu. Maandishi unaweza kuyakuza, jambo linalowasaidia wazee wetu wenye macho hafifu. Vipo pia vya bure na vya halali. Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart nchini Marekani mwaka 1971, una maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vingi vikiwa vya Kiingereza. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zisizolipiwa.

Sasa upande wa pili. Mara nyingi unapolipia kitabu cha kielektroniki hununui kitabu, unanunua ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye vifaa vya wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell, baada ya kubainika kuwa aliyeziuza hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirudishiwa fedha zao, lakini vitabu havikufunguka tena. Kitabu cha karatasi unaweza kumwazima jirani au kumwachia mwanao. Cha kielektroniki, mara nyingi masharti hayaruhusu.

Kwetu lipo jambo jingine. Riwaya na diwani nyingi za Kiswahili zilizochapwa miaka ya 1970 na 1980 huzipati kwa njia ya kielektroniki, na madukani nako zimeadimika. Ukiuza boksi zima kwa kilo, kurasa zake zitaishia kufungia karanga na bagia. Huenda nakala yako ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki mtaani kwenu.

Kwa hiyo tunashauri utenge siku moja, uvitoe vyote nje, uvipange mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitabu unavyoweza kuvipata tena kwa urahisi, dukani au kwenye simu. Hivi viondoe bila kusita.

Fungu la pili ni vinavyoweza kumfaa mwingine. Ulizia shule au maktaba iliyo karibu kabla ya kuvibeba, kwa sababu si kila kitabu kinahitajika. Vitabu vya kiada, kwa mfano, hupitwa na wakati mtaala unapobadilika.

Fungu la tatu ni vya kubaki: vitabu vya Kiswahili vilivyoadimika, na vile vyenye mwandiko wa mtu wenu. Jina la marehemu baba kwenye ukurasa wa kwanza, au tarehe za kuzaliwa watoto nyuma ya jalada, hakuna duka linalouza. Vifute vumbi, viweke juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu, na uvikague kila baada ya miezi michache.

Usifanye kazi hii peke yako. Waite watoto, na kama bibi au babu yupo, mwulize kabla kitabu hakijatoka mlangoni. Anaweza kukwambia kilifikaje nyumbani, na pengine hapo hapo kikahama kutoka fungu la kwanza kwenda la tatu.