Kibodi Ikigoma, Bisibisi Isubiri

Kibodi ya kompyuta inapogoma, swali la kwanza ni kama kilichoharibika ni kibodi yenyewe au ni mipangilio ya mashine. Jibu hupatikana kwa kuchomeka kibodi nyingine ya USB: nayo ikikosea vilevile, kosa liko kwenye mipangilio. Laptopu ndogo inayotoa 1 badala ya J na 2 badala ya K imewashwa Num Lock tu. Kwenye Windows, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 huweza kuwasha mpangilio unaopuuza mibonyezo ya haraka, na kibodi nzima ikaonekana imekufa. Alama ya @ ikikaa mahali pasipo pake, mpangilio wa Uingereza na wa Marekani umechanganywa.

Mipangilio ikiwa sawa, kinachofuata ni kutazama ni vitufe gani vimekufa, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Chini ya vitufe vya kibodi ya kawaida kuna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme. Ya katikati ina matundu. Kitufe kikibonyezwa, njia mbili hugusana kupitia tundu lake. Kila njia huhudumia vitufe kadhaa. Kwa hiyo kitufe kimoja kikifa peke yake, aghalabu ni uchafu au kimpira cha chini yake kilichochanika. Kundi zima likifa kwa pamoja, njia imekatika au ule utepe unaounganisha kibodi na mashine umelegea. Laptopu ikizimwa na betri kutolewa, kuuchomoa utepe na kuurudisha sawasawa huweza kumaliza kazi.

Kitufe kichafu hubanduliwa taratibu kwa kipande chembamba cha plastiki, maana vishikizo vyake huvunjika upesi, kisha chini yake hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo. Njia iliyokatika hupimwa kwa multimita na kuunganishwa kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme. Moto wa kulehemu huyeyusha plastiki.

Kimiminika kikimwagika, mashine izimwe papo hapo, chaja ichomolewe, betri itolewe ikiwezekana, kisha igeuzwe kifudifudi. Kuiwasha ili kuona kama imepona ndiko kunakoiunguza. Chai ya maziwa na soda ni mbaya kuliko maji matupu, kwa sababu maji hukauka lakini sukari hubaki, ikinatisha vitufe na kuunganisha njia zisizotakiwa kukutana. Kuifukia mashine kwenye mchele hakuondoi sukari hiyo. Ni lazima ifunguliwe isafishwe.

Kibodi nyingi za laptopu za siku hizi zimefungwa kwa ribiti za plastiki, hivyo kubadilisha nzima ni nafuu kuliko kuhangaika na njia moja. Mpya ilingane na ya zamani kwa namba ya nyuma, utepe na umbo la Enter. Kabla ya kulipa, mwenye kompyuta amtake fundi ajaribu kila kitufe mbele yake.