Dawa ni Kipimo, Si Jani

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipokwenda Kericho mambo yaligeuka. Mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Mtu wa pwani niliyezoea joto la Mombasa, nilifika huko juu mwezi wa Julai, mvua ya alasiri ikanipiga, na usiku wa pili nikakohoa hata jogoo akawika.

Mwenyeji wangu, mwalimu wa shule, aliniambia, "Twende kwa kogo." Kogo, kwa lugha ya Wakipsigis, ni nyanya. Akanichukua hadi kijiji kimoja si mbali na Litein. Njia nzima tulikuwa ndani ya chai: vilima kwa vilima, rangi moja, kimo kimoja. Mashamba haya makubwa yalianza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, na ilikuwa na miti yenye majina.

Msomaji wangu, hata jina la mji lina habari. Wako wasemao kuwa Kericho limetokana na jina la mzee mmoja wa Kimaasai. Wako wasemao kuwa limetokana na neno kerichek, yaani dawa. Mganga wa kike wa mitishamba Wakipsigis humwita chepkerichot, na mzizi wa neno ni uo huo.

Tulipofika tulimwamkia, "Chamgei, kogo." Akaitikia, akanitazama, asinipe kitu. Kwanza aliniuliza, mwalimu akifasiri: umeanza lini, usiku au mchana, makohozi yana damu au hayana, tumbo lako li hali gani, unameza vidonge gani vya hospitali? Nikajibu yote. Ndipo akaingia ndani, akatoka na kipande cha gome kisichozidi ukucha wa kidole gumba. "Tafuna polepole, umeze mate. Kesho kingine. Ukitema damu, usije kwangu, nenda hospitali."

Gome lile ni la mti uitwao soget. Wakikuyu huuita muthiga. Ukali wake ni wa pilipili manga, hupanda puani na kushuka kifuani. Watu wengi wa bara huutafuna kwa kikohozi, maumivu ya meno na tumbo. Sidai kuwa mimi ni tabibu, lakini usiku ule nililala.

Asubuhi yake bibi alitutembeza kando ya shamba lake, pale chai ilipoachia nafasi. Alituonyesha tebeswet, ambao maji ya jani lake hukamuliwa juu ya jeraha bichi. Alituonyesha sosiot, nami nikacheka kwa furaha, maana ulikuwa ni mkindu! Kwetu ukindu husukwa mikeka. Kwao ufito wake husugulia kibuyu cha maziwa. Hata uko mji huko Kericho uitwao Sosiot.

Kisha akasimama mbele ya kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Huo ni senetwet. Kijiti chake huchomwa kikawa kaa, kaa likasagwa ndani ya kibuyu, yaani sotet, likapakwa kuta zote. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa humo, yakakaa siku kadhaa, yakawa mursik. Ndiyo hayo wanariadha wetu hunyweshwa wanaporudi na medali. Mti huo huo, majani na mizizi yake ikichemshwa, ni dawa ya kuendesha tumbo.

Nikamwomba anipe kidogo nikaijaribu pwani. Akakataa katakata. "Huu ukizidi huua," alisema. "Wewe umeona jani. Hujaona kipimo."

Neno hilo lilinikaa. Wengi wetu hudhani elimu ya mitishamba ni kujua kwamba mti fulani hutibu ugonjwa fulani. La. Elimu yenyewe ni kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi, na lini uache.

Wala si mimea peke yake. Zamani Wakipsigis walimtoa ng'ombe damu shingoni kwa mshale, wakaichanganya na maziwa, wakampa mama aliyejifungua au mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Ng'ombe hakuchinjwa, jeraha lilizibwa akarudi malishoni. Kuchukua bila kuua, hicho nacho ni kipimo.

Sasa tazama yaliyoupata tendwet. Mti huu mkubwa wa misitu ya milimani, ukiwemo msitu wa Mau, gome lake ni dawa ya tangu zamani. Wazungu nao wakagundua kuwa linafaa kwa wanaume wazee wenye tatizo la tezi ya kibofu. Biashara ikavuma Afrika nzima, magome yakasafirishwa Ulaya kwa magunia. Mganga mwenye adabu hubandua upande mmoja, mti ukapona. Mwenye haraka ya fedha hubandua pande zote, na mti uliobanduliwa kuuzunguka hufa umesimama. Mambo yalifika hadi mwaka 1995 mti huo ukawekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Ulaya walipata jani, hawakuchukua kipimo.

Lakini tusiwasifu wazee kwa upofu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari kwamba ndani ya mursik walikuta asetaldehaidi, kemikali ihusishwayo na saratani. Na katika Bomet saratani ya umio ni nyingi. Madaktari wa hospitali ya Tenwek wanaijua vizuri. Hilo halijathibitisha kuwa mursik ndiyo sababu. Wataalamu wa kimataifa mwaka 2016 walionya pia juu ya vinywaji vya moto mno, na chai inayounguza ulimi ni kimojawapo! Basi elimu ya jadi nayo ipimwe, kama ipimwavyo nyingine. Kupima si kudharau.

Sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeagiza elimu ya jamii juu ya viumbe na mimea ilindwe, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ni jambo jema. Lakini sheria hulinda kilichopo. Bibi akifa na kipimo chake, italinda nini?

Nasema haya kwa majuto. Chuoni tulifunzwa kuwa kila maradhi yana dawa yake, na kuwa asali ina ponyo kwa watu. Nyumbani, bibi yangu mzaa mama alikuwa na kisanduku cha mbao, ndani yake magome na mbegu. Watoto wa mtaa mzima waliletwa kwake wakiumwa chango. Mimi nilikuwa kijana wa mashairi, nikikesha kuhesabu mizani ya maneno. Mizani ya bibi sikuihesabu hata siku moja. Alipofariki tulifungua kisanduku. Dawa zote zilikuwamo, na hakuna aliyejua azifanye nini. Tukazitupa.

Siku ya kuondoka Litein nilimkuta binti wa mwalimu, msichana wa darasa la saba, amekaa miguuni pa bibi na daftari. Bibi hajui kusoma. Akamwuliza, "Umeandika nini?"

"Soget. Dawa ya kikohozi."

"Kiasi gani?"

Binti akanyamaza.

"Basi hujaandika dawa. Umeandika jina."

Binti akachukua kalamu, akaanza upya. Nami, mzee mzima, nikatoa daftari langu nikaketi kando yake.