Israfu, Ubadhirifu na Ufisadi: Maneno Yanayochanganywa

Ndugu mtahiniwa, soma sentensi hii kutoka katika barua rasmi ya mwanafunzi wangu mmoja: "Mweka hazina wa klabu yetu ni fisadi." Nilimwuliza, ameiba? Akajibu hapana, risiti zote zipo, ila amenunua jezi tatu kwa kila mchezaji mpaka nauli ya kwendea Nungwi ikakosekana. Basi huyo si fisadi. Barua ile ingemfikia mwenyekiti, mtu asiyeiba angeonekana mwizi.

Maneno haya yote yanahusu kukosa kujizuia. Ukitaka kuyatenganisha, uliza: mtu ameshindwa kujizuia katika jambo gani, na mali ni ya nani?

Israfu ni kupita kiasi katika jambo ambalo lenyewe halina ubaya. Bibi akikwambia "Usifanye israfu", pengine umeacha mfereji wazi au umejipakulia futari ya watu wanne. Maji hayana kosa, futari haina kosa. Kosa ni kiasi.

Ufujaji unatokana na kitenzi fuja, yaani kutumia ovyo mpaka mali ipotee bila faida. Kijana aliyerithi duka Darajani akalimaliza kwa starehe amefuja urithi wake mwenyewe. Ubadhirifu unakaribiana mno na ufujaji, na kamusi hueleza moja kwa kutumia jingine. Hata hivyo, magazetini utaukuta zaidi penye mali ya dhamana: fedha za umma, za ushirika, za skuli. Mweka hazina wetu anaingia hapa. Lakini angalia, ubadhirifu mara nyingi hutajwa sambamba na wizi, kwa hiyo nalo si neno la kumrushia mtu bila ushahidi.

Ufisadi ndio wenye mtego. Asili yake ni Kiarabu, na kiini chake ni kuharibu. Mzee wa Mji Mkongwe aliyekaa barazani akisema "Yule fisadi", huenda anamkusudia mwanamme anayeharibu wake na watoto wa watu. Hafikirii benki wala zabuni. Septemba 2007, Dk. Wilbroad Slaa alisoma katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, orodha ya watu aliowatuhumu kuwa mafisadi, na neno likashika kasi nchi nzima kwa maana ya kujineemesha kwa mali ya umma. Maana ya zamani haikufa. Kwa hiyo "Jirani yetu ni fisadi" ni sentensi yenye utata, na ukiulizwa ueleze maana zake, toa zote mbili.

Yaliyobaki ni mepesi. Uzinzi ni tendo la kukutana kimwili nje ya ndoa. Uasherati ni tabia ya kuendekeza matamanio hayo. Ufuska ni mpana kidogo: huweza kubeba na maovu mengine yanayofanywa bila haya. Kamusi nyingine huupa maana moja na uasherati, usishangae.

Zingatia pia wingi: fisadi/mafisadi, lakini mbadhirifu/wabadhirifu. Vitenzi ni fisidi, badhiri, fuja na zini.

Jaribu sasa. Katibu wa ushirika wa wakulima wa mwani Paje amekodi magari manne kwa safari ya watu sita, kwa fedha za wanachama. Mwite kwa neno moja, kisha utetee jibu lako kwa sentensi mbili.