Mtaalamu wa Magofu Hujulikana kwa Nini?

Msomaji mpenzi, ukitoka hapa Mtendeni, Tabora, ukaifuata njia ya zamani ya misafara, utaiona miembe mikubwa mno, iliyopandwa tangu siku za babu zetu. Wazee hutuambia kwamba penye miembe ya namna hiyo palikuwa na kituo: wapagazi walitua mizigo yao hapo, wakapika, wakalala. Siku hizi, chini ya miembe hiyo, mara nyingi utaona na kitu kingine, nacho ni shimo.

Mashimo hayo huchimbwa na watu wanaotafuta "mali ya Mjerumani". Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hilo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

KARATASI YENYE MIHURI MITATU

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kuandika barua, na kuwasomea wazee barua zao. Miaka michache iliyopita alikuja kwetu mgeni, amevaa vizuri, amechukua mashine inayolia ikipita juu ya chuma. Alisema yeye ni daktari wa mambo ya kale. Kwanza alitaka nimfungulie vitabu vya zamani vya parokia, akidhani kwamba mapadre wa kwanza waliandika humo mahali Wajerumani walipoficha masanduku yao. Nikamjibu kwamba humo mna majina ya watoto na wazazi wao tu. Basi akaenda kwa mzee mmoja mwenye shamba lenye miembe mitatu.

Jioni mzee akaniletea karatasi ya mgeni. "Karani, mwanangu, wewe umesoma. Nisomee hii. Mtu huyu ni wa kweli?"

Nikaisoma. Ilikuwa ya Kiingereza, ina picha na mihuri mitatu. Nikamwambia, "Baba, karatasi yake ina mihuri." Sikusema zaidi, lakini kwa mzee yule maneno hayo yalitosha. Aliuza magunia manne ya karanga, akampa mgeni fedha za dawa na za mashine. Vijana wake wakachimba siku sita. Siku ya saba ukingo wa shimo uliporomoka, mjukuu wake akafukiwa mpaka kifuani. Walimtoa hai, lakini mguu ulikuwa umevunjika, na mpaka leo anachechemea. Mgeni hakuonekana tena.

Mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliisoma tena ile karatasi, maana aliiacha. Haikutaja mahali hata pamoja alipowahi kuchimba. Haikutaja chuo alichosoma, wala kitabu alichoandika. Mihuri ilikuwapo, kazi haikuwapo. Hapo nikaanza kujiuliza: mtaalamu wa kweli wa magofu yukoje?

DHAHABU YA TABORA

Kwanza tuseme kweli juu ya ile dhahabu, maana uvumi huu haukuzuka bure. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezungukwa na adui na fedha zimewaishia. Wakatengeneza sarafu zao hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Baadhi yake zilikuwa za dhahabu iliyotoka katika mgodi wa Sekenke, zenye thamani ya rupia 15, na juu yake picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji.

Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa kiasi cha 16,000, na kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 hivi. Haya, tupige hesabu. Zote pamoja hazifiki hata kilo 120, yaani gunia moja la mahindi na debe moja juu yake. Tena zilitengenezwa zitumike, nazo zikatawanyika mikononi mwa watu. Sasa niambie, gunia moja hilo litajazaje masanduku yanayotafutwa katika kila kijiji toka hapa mpaka Kigoma?

BWANA CHITTICK NA KAZI YAKE

Sasa tumtazame mtu aliyechimba kweli. Jina lake ni Neville Chittick, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1924. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini hakutoka darasani akaja moja kwa moja kujiita bingwa. Kwanza alikwenda Sudani akatumika katika idara ya mambo ya kale ya nchi ile, kwenye bonde la Naili, penye mabaki ya makanisa na ngome za Wakristo wa kale wa Nubia. Huko alijifunza kazi kwa mikono.

Mwaka 1957 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Mambo ya Kale, na Bwana Chittick akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1958 alichimba Kaole, karibu na Bagamoyo, ndiyo kusema karibu na ule mwisho wa pwani wa njia yetu ya misafara. Mwaka 1961 akawa mkuu wa chuo cha Waingereza cha kuchungua historia na mambo ya kale ya Afrika Mashariki, akakaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1966 chuo hicho kilianza kutoa jarida liitwalo Azania, naye akawa mhariri wake.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane duniani ni ile ya Kilwa Kisiwani. Kilwa ulikuwa mji mkubwa, uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, akausifu. Mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuupora. Hatimaye, ingawa watu waliendelea kuishi kisiwani, yale majumba makubwa yaliachwa, yakamezwa na vichaka.

Bwana Chittick na vibarua wake waliondoa kifusi polepole kwa miaka. Walifunua Msikiti Mkuu wenye kuba nyingi. Walifunua Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo ukingoni mwa bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja na kidimbwi cha kuogea chenye pembe nane. Kisha hakukimbilia kutangaza. Alikaa na vigae vyake, ushanga wake na sarafu zake, akavipanga na kuvichora, na mwaka 1974 akatoa kitabu chake cha Kilwa, chenye juzuu mbili. Baadaye alichimba pia Manda, karibu na Lamu, na Aksum kule Ethiopia.

KWA NINI HUCHIMBA POLEPOLE

Pengine utauliza: kwa nini miaka mingi hivyo? Msomaji, fikiri juu ya jalala la nyuma ya nyumba yako. Takataka za mwaka huu ziko juu, na za mwaka jana ziko chini yake. Chini kabisa pengine kuna kipande cha chungu alichokivunja bibi yako kabla hujazaliwa. Ardhi ya mji wa kale iko hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka. Mtaalamu huondoa tabaka moja moja, na kila kitu hukiandika kimetoka tabaka gani. Akikuta kigae cha sahani ya Kichina ambayo miaka ya kutengenezwa kwake inajulikana, basi atajua kwa makadirio umri wa vitu vilivyolala pamoja nacho.

Ndiyo maana shimo la haraka ni hasara hata likiwa halijamvunja mtu mguu. Tulipolifukia shimo la yule mzee, watoto waliokota katika kifusi vigae vyenye nakshi na ushanga wa buluu. Huenda vilikuwa vya wapagazi, huenda ni vya zamani zaidi. Hakuna atakayejua tena, kwa sababu tabaka zote zilikwisha kuchanganywa. Kwangu mimi karani ni kama mtu amechana kitabu cha ubatizo na kuzitupa kurasa upepo ukazichukua. Majina utayaokota, lakini hutajua tena nani ni mtoto wa nani.

ALIPOKOSEA

Usidhani kwamba Bwana Chittick hakukosea. Aliamini kwamba miji ya pwani ilianzishwa hasa na wageni waliotoka ng'ambo. Tena alipotazama sarafu za shaba za Kilwa zenye jina la sultani Ali bin al-Hasan, alikadiria kwamba sultani huyo alitawala karibu na mwaka 1200.

Mwaka 1984 Bwana Chittick alifariki. Mwaka huo huo, kule Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilichimbuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, na miongoni mwake zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za nchi za Kiarabu, zenye mwaka juu yake, na ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1066. Basi ikaonekana kwamba sultani yule aliishi zaidi ya miaka mia moja kabla ya wakati aliodhani Bwana Chittick. Tena kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti ya miti, mmoja chini ya mwingine, mpaka karne ya nane. Jambo hilo lilionyesha kwamba mji ulikua polepole mikononi mwa wenyeji wenyewe, wakafanya biashara na wageni na kupokea dini.

Je, aibu kwa Bwana Chittick? Hata kidogo. Waliomsahihisha waliweza kumsahihisha kwa sababu alikuwa ameandika kila kitu: kigae gani, tabaka gani, ukuta gani. Hata kazi yake ya Aksum, iliyokatizwa na mapinduzi ya Ethiopia ya mwaka 1974, ilikuja kutolewa kitabuni na mwenzake Stuart Munro-Hay mwaka 1989, yeye mwenyewe akiwa kaburini. Mtu wa kweli huacha hesabu zake wazi ili mwingine azikague. Tapeli haachi hesabu, maana anajua zikikaguliwa ataonekana.

WATOTO WA NCHI HII

Wala usifikiri kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Bwana A. A. Mturi, Mtanzania aliyeiongoza Idara ya Mambo ya Kale, mwaka 1973 aligundua fuvu la mtu wa kale sana katika Ziwa Ndutu. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia, ndiyo elimu hii ya kuchimbua mambo ya kale. Profesa Felix Chami, aliyefundisha katika chuo hicho, alipata udaktari wake Uppsala, Sweden, mwaka 1994, kwa utafiti juu ya wakazi wa pwani yetu katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Mtoto wako anayesoma sekondari leo aweza kuwafuata.

Na huku kwetu kazi ipo. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, liko mwendo mfupi kutoka hapa mjini. Tangu mwaka 2006 njia yetu ya misafara, toka Bagamoyo mpaka Ujiji, imo katika orodha ya mahali ambapo Tanzania inakusudia kupaombea heshima ya Urithi wa Dunia, kama waliyoipata Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Ile miembe na ardhi iliyo chini yake ni sehemu ya njia hiyo.

MASWALI MANNE

Basi, msomaji, akija kwako mtu anayejiita mtaalamu wa mambo ya kale, usianze na mihuri yake. Muulize haya.

Kwanza: umechimba wapi, na nani alikuwa mkubwa wako? Mtaalamu atataja mahali na watu, nawe utaweza kuuliza.

Pili: umeandika nini juu ya ulichokipata? Kazi isiyoandikwa haikaguliki.

Tatu: kibali chako cha serikali kiko wapi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imekataza kuchimba magofu na vitu vya kale bila kibali. Mwenye kibali huanza ofisini kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, kisha wilayani, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji, naye huja mchana.

Nne: nani analipa? Mtaalamu wa kweli huwalipa vibarua ujira wao. Akikuomba wewe fedha, mbuzi au karanga ili akuchimbulie utajiri, mwonyeshe njia.

Na ukilima ukakuta kigae, ushanga au chuma cha kale, kiweke pembeni, tia alama mahali hapo, kisha mpe habari afisa utamaduni wa wilaya. Usiendelee kuchimbua.

Yule mzee bado huja ofisini kwangu na barua zake. Siku hizi nikimaliza kumsomea yaliyoandikwa, humwambia pia yale ambayo hayakuandikwa.