Sekunde Moja Ni Ndefu Mno

Muulize mcheza gemu yeyote wa kompyuta kadi yake ya grafiki ina nguvu kiasi gani, naye atakujibu kwa fremu: inatoa 60 kwa sekunde, 90, 144. Miaka na miaka namba hiyo ndiyo iliyoamua nani mbabe kati ya kadi za Nvidia na za AMD. Ni namba ya kweli, na bado inaweza kumpoteza mnunuzi.

Tuipasue sekunde moja tuone kilichomo. Ina milisekunde 1,000. Kadi inayotoa fremu 60 kwa mwendo ulio sawa hutumia milisekunde 16.7 hivi kwa kila fremu. Kadi ya pili inatoa fremu 59 kwa milisekunde 10 kila moja, kisha ya 60 inaigharimu milisekunde 410. Jumla ni 1,000, na wastani ni ule ule. Lakini aliyeshika kadi ya pili ameona picha ikiganda karibu nusu sekunde, na katika gemu ya mapigano muda huo unatosha kuuawa. Mkulima naye haridhiki kuambiwa jumla ya mvua ya msimu. Anataka kujua ilinyesha lini, na ilikatika kwa siku ngapi.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Scott Wasson, wakati huo mhariri wa tovuti ya Marekani ya The Tech Report. Septemba 2011 alichapisha makala ndefu akieleza kwamba sekunde nzima ni kipimo kipana mno kwa jicho linalonasa mambo yanayopita upesi zaidi. Programu ya Fraps, ambayo wapimaji wengi walikuwa nayo tayari, iliweza kurekodi muda wa kila fremu; wachache walijishughulisha kuutazama. Wasson akauchora kwenye grafu, fremu baada ya fremu. Akaongeza vipimo viwili: muda ambao fremu 99 katika kila 100 hazikuuzidi, na jumla ya muda ambao mchezaji alipoteza kwa fremu zilizovuka milisekunde 50. Kwangu mimi hicho cha pili ndicho cha haki zaidi, kwa sababu kinahesabu kero yenyewe.

Desemba 2012 vipimo hivyo vilionyesha thamani yake. Wasson alishindanisha Radeon HD 7950 ya AMD na GeForce GTX 660 Ti ya Nvidia. Kwa wastani wa fremu, hazikuachana sana. Grafu za muda zilisema jingine: mstari wa GeForce ulitulia, wa Radeon ulijaa miiba, kila mwiba ukiwa ni fremu iliyochelewa. Je, jicho linaiona tofauti hiyo? Akachukua kamera ya kasi, akarekodi matembezi yale yale ndani ya gemu ya Skyrim kwa kadi zote mbili, kisha akaonyesha video kwa mwendo wa polepole. Kwenye Radeon, mandhari ilisogea kwa kushtukashtuka. Chipu haikuwa na ubovu. Tatizo lilikuwa kwenye draiva, programu inayopokea maagizo ya gemu na kuyafikisha kwa kadi. Mapema 2013 AMD ikaanza kutoa draiva zilizopunguza miiba ile, na watu waliokwisha kununua kadi zao wakapata gemu laini zaidi bila kutoa hata senti.

Machi 2013 ukaja ushahidi mzito zaidi. Nvidia iliwapa wapimaji zana iitwayo FCAT: kila fremu inapigwa utepe wa rangi yake ukingoni kushoto, kisha kompyuta ya pili inanasa kila kinachotumwa kwenye skrini. Ukipima urefu wa kila rangi, unajua fremu ilionekana kiasi gani hasa. Kwa waliofunga Radeon mbili zifanye kazi pamoja, baadhi ya fremu zilikuwa nyembamba kama uzi, mistari michache tu ya pikseli, ilhali Fraps ilizihesabu kuwa kamili. Zana ilitoka kwa mshindani, ni kweli, na msomaji ana haki ya kuwa macho. Lakini picha zilizonaswa hazikubishika, na Agosti AMD ikatoa draiva ya kuzipanga fremu kwa nafasi zinazolingana.

Mazingira ya jaribio nayo yanaweza kupotosha. Gemu ikiendeshwa kwa pikseli 1920×1080 na mipangilio ya chini, kadi kubwa na ya wastani huweza kutoka sare, kwa kuwa zote mbili zinaisubiri prosesa kuu ya kompyuta. Ipandishe hadi 3840×2160, pikseli zikiwa mara nne, ndipo utaona kadi ipi ina kifua.

Kishawishi kikubwa cha leo ni fremu za kubuniwa. Januari 2025, mjini Las Vegas, mkuu wa Nvidia Jensen Huang alitangaza kwamba kadi mpya ya RTX 5070 ya dola 549 ina utendaji wa RTX 4090, iliyoingia sokoni 2022 kwa dola 1,599. Hesabu hiyo ilisimama juu ya akili mnemba iliyoweza kuchomeka hadi fremu tatu kwa kila moja iliyokokotolewa na gemu. Sidharau kazi hiyo. Mwendo unakuwa laini kweli. Lakini ili kubuni fremu ya katikati, lazima kadi iishikilie kwanza ile inayofuata, na fremu ya kubuni haijui kwamba umebofya kipanya. Gemu yenye fremu 30 za kweli itaitikia mkono wako kama gemu ya fremu 30, hata kaunta ikisoma 120. Kuziweka namba hizo mbili kwenye safu moja ya jedwali ni kumdanganya msomaji.

Upimaji unazidi kukua. Tom Petersen, aliyeitambulisha FCAT alipokuwa Nvidia, alihamia Intel, na 2023 kampuni hiyo ikatoa toleo jipya la PresentMon, programu ya bure inayoonyesha kwa kila fremu kadi ilifanya kazi milisekunde ngapi. Matoleo ya baadaye yameongeza kipimo cha tofauti kati ya hatua za saa ya ndani ya gemu na hatua za fremu zinapofika kwenye skrini. Fremu zinaweza kufika kila baada ya milisekunde 16.7 bila kukosea, huku mhusika anayekimbia akiwa amechorwa mbele kidogo au nyuma kidogo ya pale alipostahili kuwa. Grafu ya muda inabaki bapa, na jicho linaona mkimbiaji akisitasita. Grafu za 2011 zisingeweza kuinasa hitilafu hiyo. Sasa yeyote mwenye kompyuta ya Windows anaweza kuipima nyumbani kwake.