Nenda sokoni Ifo, urudi na afya yako

Wiki ya kuelekea Idd-ul-Hajj haina mfano pale Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991 karibu na Dadaab. Mbuzi, kondoo na ngamia huletwa kutoka malishoni, na ile sehemu ya soko ambayo wenyeji waliipa jina la Bosnia hufurika wanunuzi. Baba huenda kuchagua mnyama, mama hutafuta nguo za sikukuu, na watoto hawakubali kuachwa nyumbani.

Ni siku ya furaha. Lakini je, msomaji mpenzi, umewahi kujiuliza kwa nini baada ya shamrashamra kama hizo kuna nyumba huamka na homa au kuhara? Wengi watalaumu jua au jicho baya la watu. Aghalabu ugonjwa huingia kwa njia nyepesi zaidi: mkono mchafu, maji ya mtungi usiojulikana, au kikombe cha maziwa mabichi.

Jua na kiu
Joto la Garissa hupita nyuzi 35 bila shida. Nenda asubuhi na mapema, umalize shughuli zako kabla ya adhuhuri. Beba maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, yatoshe familia yote, na umnyweshe mtoto hata kabla hajalia kiu. Barafu na vinywaji vya rangi vinavyochotwa kwenye ndoo viepuke, kwani hujui maji yake yalitoka wapi. Sambusa inayotoka motoni ni salama kuliko ile iliyokaa tangu asubuhi ikitembelewa na nzi. Usisahau kipande cha sabuni. Kila mtu anawe kabla ya kula.

Mkono wa heshima
Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mama muuza maziwa ya ngamia anakumiminia kikombe uonje. Kukataa ni vigumu, kwani maziwa ni heshima ya mgeni. Hata hivyo, maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ambavyo humletea mtu homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa zisizofaa. Kufukiza chombo kwa moshi au kugandisha maziwa hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Kuchemsha ndiko dawa. Nunua, kisha sema kwa upole: "Ahsante, mama, nitayachemsha tunywe sote nyumbani." Hakuna atakayevunjiwa heshima, na mama atakuwa amepata biashara.

Mnyama wa kuchinja
Chagua mnyama mchangamfu, mwenye macho maangavu na pua isiyotoka uchafu. Kama zizi limekuwa na wanyama wengi wanaotupa mimba au vitoto vinavyokufa ghafla, usinunue, na umwarifu afisa wa mifugo.

Hili si jambo la kutisha watu bure. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa. Kufikia Machi 2007 watu 684 walikuwa wameripotiwa kuugua nchini Kenya, na 155 kati yao wakafa. Kabla ya hapo ilikuwa imeshambulia eneo hili mwaka 1997 na 1998, wakati wa mvua za El Niño. Mbu huieneza miongoni mwa mifugo, na binadamu wengi huipata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Kwa hiyo anayechinja afunike vidonda vyake, avae glavu akizipata, na anawe kwa sabuni. Mama mjamzito asishike kitoto cha mnyama kilichotoka kabla ya wakati. Nyama iive hadi ndani.

Mtu akianza kuhara
Kambi za Dadaab zilipata kipindupindu mwaka 2015, na tena kuanzia mwaka 2022. Ugonjwa huu humaliza maji mwilini kwa saa chache tu. Mtu akiharisha maji mfululizo, usingoje sikukuu ipite. Chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkielekea hospitali. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mwisho, kubalianeni mapema mahali pa kukutana endapo mtapotezana, na mfundishe mtoto jina kamili la baba yake na mtaa wenu.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Sufuria ya kuchemshia maziwa na kipande cha sabuni havigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya mbuzi. Idd njema itakapofika.